Hati ya Ubao Safi

Nchi hii ipo, ila usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana mchora ramani wa serikali alistaafu akaondoka na kalamu. Ni nchi nzuri, yenye amani na hotuba. Wananchi wake hawana shida hata moja. Wana changamoto tu, na hizo nazo zinafanyiwa kazi. Msomaji akiona humu jambo linalofanana na la kwao, basi ni macho yake, akapimwe.

Langoni mwa Chuo Kikuu cha nchi hii imesimama chupa ya maabara ya saruji, urefu wake ghorofa tatu. Ilijengwa kwa fungu la kununulia kemikali. Siku ya kuizindua, Mkuu wa Idara ya Kemia, Profesa Makorongo Tindwa, aliwaeleza wageni kwamba chupa ndogo hutumika zikaisha, lakini chupa ya saruji haiishi milele na milele. Watu walipiga makofi, tarumbeta zikalia, na toka siku hiyo maabara haikuona tone la tindikali.

Humo ndimo Mboni Shemhina alimosomea shahada ya uzamivu. Alikuwa anachunguza kutu ndani ya mabomba ya maji, na alikuwa mwaka wa sita, kwa sababu kila sura aliyoikabidhi, Profesa Tindwa aliitia chini ya kompyuta yake ili kioo kilingane na macho. Desturi ya chuo ilitaka mwanafunzi wa uzamivu afundishe bure, ajifunze unyenyekevu. Mboni akafundisha vitendo vya maabara kwa wanafunzi mia nne na kumi na wawili wa mwaka wa kwanza, na unyenyekevu akajifunza hadi ukamtosha. Kwenye ratiba liliandikwa jina la Profesa. Mboni alitambuliwa kwa cheo cha Mfuta Ubao Msaidizi.

Utauliza, vitendo vya kemia bila kemikali vinakwendaje? Vinakwenda kwa kauli. Mboni alisimama mbele, akabana kidole gumba na cha shahada kama aliyeshika kichupa cha dawa ya matone, na vidole vya watu mia nne na kumi na wawili vikabanwa.

"Tunadondosha," alisema Mboni.

"Tumedondosha!"

"Tunatikisa."

"Tumetikisa!"

"Rangi?"

"Waridi hafifu!"

Hilo lilikuwa Zoezi la Saba, la kupima kama maji ya kunywa yametiwa dawa ya kuua vijidudu. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa imo, watu wanywe. Yakibaki meupe, dawa haimo, watu wachemshe. Kwa miaka sita, katika maabara ya Mboni, maji hayakubaki meupe hata mara moja.

Mwanzoni jambo hilo lilimkera. Aliandika barua, na Profesa akamwita ofisini, akamkaribisha kiti kisicho na egemeo.

"Binti," alisema Profesa Tindwa, "mataifa yaliyoendelea yanatumia kemikali kwa sababu hayana imani. Sisi tuna imani. Mwanafunzi akishajua jibu, chupa ya nini? Chupa inaweza kumchanganya."

"Lakini Profesa, siku akikutana na maji yenyewe?"

"Atakuwa ameshahitimu," alisema Profesa, akainua simu ambayo haikuwa imelia.

Mboni alirudi darasani. Mtu huzoea, na baya zaidi, mtu hunogewa. Ukumbi mzima ukiitikia kwa sauti moja, mwili ulimsisimka, na aliporudi nyumbani alijiona mwalimu hodari. Hilo ni la kwanza katika yale yaliyokuja kumnyima usingizi.

La pili, mwaka wake wa tatu wa kufundisha, lilikuwa karatasi ya mtihani ya kijana mmoja, Mshamu Lihawa. Wenzake wote walijibu Zoezi la Saba kwa maneno mawili. Mshamu aliandika kwa mwandiko wa kutulia: "Sikuona rangi yoyote, kwa sababu hakukuwa na maji wala dawa." Mboni aliisoma karatasi ile akacheka, kisha akaacha kucheka. Mwongozo wa kusahihisha ulisema jibu ni waridi hafifu, na jibu jingine ni sifuri. Akampa sifuri.

Mshamu alimfuata akiwa ameishika karatasi kwa mikono miwili.

"Shikamoo mwalimu. Naomba nielekezwe nilipokosea."

"Marahaba. Hukukosea, Mshamu. Ila umejibu swali ambalo hujaulizwa."

"Na kama kweli hayakugeuka, mwalimu, niandike nini?"

Hapa ndipo palipokuwa pa kusema. Nje walikuwa wakingoja wengine thelathini, sura ya nne ilikuwa bado chini ya kompyuta ya Profesa, na Mboni alikuwa hajala tangu asubuhi.

"Andika waridi," alimwambia. "Anayesahihisha anasubiri waridi. Mpe anachosubiri, ufaulu, uende nyumbani."

Kijana alikuwa msikivu. Alirudia mtihani akaandika waridi hafifu, na Mboni akampa alama zote, na pembeni akamwandikia kwa wino mwekundu: Umeelewa sasa.

*

Mboni alikuwa amepanga chumba kwa Bi Mwanjaa, mjane mpika maandazi, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa na roho ya kuulisha. Miaka sita alimwekea Mboni uji kwenye chupa ya chai bila kuulizwa. Kwake yeye, hakukuwa na Mfuta Ubao Msaidizi. "Mwalimu wangu karudi," alikuwa akiwatangazia majirani. "Punguzeni redio, mwalimu wangu anasahihisha."

Ilitokea kwamba Mshamu alihitimu, akaajiriwa Mamlaka ya Maji kuwa mpimaji mkuu, na kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa redio ikawa inatangaza: "Maji ya leo, waridi hafifu. Kunyweni kwa uzalendo." Siku ya kwanza Mboni aliposikia, alitoka chumbani na mswaki mdomoni.

"Mama, unamsikia huyo mpimaji? Mwanafunzi wangu huyo! Nimemfundisha mimi."

"Wewe?" Bi Mwanjaa aliweka mwiko chini. "Kwa mikono yako hiyo?"

"Kwa mikono yangu. Usihangaike tena kuchemsha maji, mama. Unamaliza mkaa bure."

Basi Bi Mwanjaa akaacha kuchemsha. Hakuwa mtu wa kuamini redio, lakini mwalimu wake alimwamini. Majirani walipomuuliza aliwajibu kwamba maji haya yanapimwa na mjukuu wake wa elimu, maana aliyemfundisha analala chumba cha uani.

*

Mwaka wa saba kompyuta ya Profesa Tindwa iliharibika, sura zote zikatoka chini yake, na Mboni akawa Daktari. Sasa akahitaji kazi. Chuo kilikuwa kimetangaza nafasi moja ya mhadhiri wa kemia, na waombaji walikuwa mia tatu na sita.

Katika nchi hii ajira za wahadhiri zinaongozwa na Waraka wa Themanini na Nane wa Wizara ya Hekima ya Juu, na mimi nauona waraka wa busara sana. Unasema mwombaji wa kazi ya kufundisha sharti athibitishe kwamba hajawahi kufundisha, kwa kuwa aliyewahi kufundisha atakuja na mazoea. Tena, kama alikuwa akifundisha wakati anasoma, muda wa kusoma aliupata wapi? Uthibitisho huo unaitwa Hati ya Ubao Safi. Inapigwa mihuri mitatu, na inawekwa saini na mhitimu wa idara anayekiri kuwa mwombaji hakumfundisha kitu chochote, wakati wowote, kwa nia njema wala mbaya.

Mboni aliisoma fomu mara mbili. Kwa miaka sita ya kusimama alikuwa na mishipa ya miguu iliyovimba na koo la mkwaruzo. Akatafuta mhitimu wa kumwekea saini, na katika watu elfu mbili na zaidi aliowafundisha, alimkumbuka mmoja tu ambaye hangemkatalia.

Mshamu alimpokea Mamlaka ya Maji kwa kusimama wima. Alimfutia kiti kwa leso yake. Aliisoma fomu, kisha akamtazama.

"Mwalimu, hapa wanataka niseme hukunifundisha."

"Ni utaratibu tu, Mshamu. Kila mtu anafanya. Bila hiyo sipati kazi."

"Lakini ulinifundisha. Kila asubuhi nikiandika ripoti nakukumbuka. Tangu nianze sijakosea hata siku moja."

Alisema hivyo kwa fahari, akaonyesha meza yake ya kazi. Mboni akaitazama. Palikuwa na daftari, kalamu, rula na picha ya Waziri. Hapakuwa na chupa. Hapakuwa na glasi wala dawa ya matone, na bomba lililokuwa ukutani lilikuwa na utando wa buibui mdomoni.

Akaelewa. Wala asije mtu akasema hakuelewa, maana mwenyewe hajawahi kujitetea hivyo. Alielewa palepale, na akaona siku zote zile za waridi zilizoandikwa kwa kalamu ile pale. Ulimi ulitaka kuuliza: Mshamu, unapimia nini? Lakini fomu ilikuwa mezani na kalamu ilikuwa mkononi mwa kijana, na mwenye shida hauchezei mkono unaotaka kumsaidia.

"Weka saini hapo chini," alisema Mboni.

Mshamu akaweka saini nzuri, yenye mkia.

Jioni ile Mboni alikusudia kumwambia Bi Mwanjaa arudie kuchemsha maji. Alimkuta anakanda unga, ana furaha, anasimulia jambo refu la harusi ya jirani. Kumwambia maji yachemshwe ni kumweleza kwa nini. Akasema moyoni, kesho. Kesho yake akasema, baada ya usaili.

*

Usaili ulifanyika katika Ukumbi wa Fikra, chini ya uenyekiti wa Profesa Tindwa. Kwanza waombaji walikaguliwa kucha na afisa mwenye lenzi, kutafuta mabaki ya chaki. Mboni alikuwa amezisugua kwa limau siku tatu. Bwana mmoja aliyekuwa mbele yake, mwenye machapisho kumi na mawili, alifika vizuri hadi swali la nne, kisha akamaliza maelezo yake kwa kuuliza, "Tuko pamoja?" Walinzi wawili wakamtoa nje.

"Dokta Mboni," alisema Profesa Tindwa, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana, "una uzoefu gani wa kufundisha?"

"Sina, Profesa."

"Hata kidogo?"

"Hata wa kumwelekeza mtu njia."

Wajumbe walitikisa vichwa kwa kuridhika. Wakamwambia aeleze kutu ni nini. Mboni alijua kuieleza kutu hata mtoto wa darasa la pili akaielewa, lakini alijikaza. Aliwageuzia mgongo, akaongea na ukuta, akameza maneno, akaanzia katikati na kuishia mwanzo. Alipogeuka, mjumbe mmoja alikuwa anapangusa chozi.

"Huyu hajafundisha kabisa," alisema mjumbe yule. "Safi kama alivyozaliwa!"

Kazi akapewa siku hiyohiyo. Alirudi nyumbani na soda mbili za kusherehekea, akamkuta Bi Mwanjaa amelala chini sakafuni, ameshika tumbo.

*

Waliougua walikuwa mtaa kwa mtaa. Serikali haikulala. Ilitangaza upesi kwamba maji ni mazima na yamepimwa, isipokuwa matumbo ya baadhi ya wananchi yamekosa maadili. Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Matumbo, mwenyekiti wake Profesa Makorongo Tindwa, kwa kuwa tume zote za nchi hii zilikuwa na mwenyekiti mmoja na miwani moja ya kusomea ripoti.

Bi Mwanjaa alikaa hospitali siku nne, wagonjwa watatu kitanda kimoja. Mboni alimshika mkono. Siku ya tatu bibi alimvuta karibu.

"Mwanangu, si uniambie ukweli. Au ni yale maji?"

"Pumzika, mama."

"Maana nimewaambia watu wengi. Mtaa mzima nimeuambia, maji yanapimwa na mtu wako."

"Pumzika," alisema Mboni, na hakusema lingine, ingawa siku hiyo ilikuwa ndefu na bibi alikuwa macho hadi jua lilipozama.

Siku ya nne akafariki. Cheti kiliandikwa kuwa chanzo cha kifo ni kukosa subira. Mboni alikipokea dirishani akaweka saini, akajichukia kwa namna ambayo hakuwa ameijua bado.

*

Tume iliketi wiki iliyofuata. Mboni aliitwa kama mtaalamu, maana sasa alikuwa mhadhiri. Mshamu aliletwa kama mtuhumiwa, maana ilikuwa imegunduliwa kwamba matumbo mengi yenye utovu wa nidhamu yalikuwa na maji ndani.

"Kijana," alisema Profesa Tindwa, "ripoti zako zote ni waridi hafifu. Ulipima kwa kutumia nini?"

"Kwa kauli, Mheshimiwa. Nilifanya nilivyofundishwa."

"Na nani?"

Mshamu akageuka, akamwona Mboni, akatabasamu kama aliyemwona ndugu ugenini.

"Na Mwalimu Mboni, huyu hapa. Ni mwalimu mzuri sana."

Ukumbi ukanong'ona. Profesa Tindwa hakushtuka. Alifungua faili, akatoa Hati ya Ubao Safi, akaishika juu kwa ncha za vidole.

"Hii ni saini ya nani?"

"Yangu, Mheshimiwa."

"Inasema Dokta Mboni hakukufundisha kitu chochote, wakati wowote, kwa nia njema wala mbaya. Sasa, ama saini hii ni ya uongo, na hilo ni kosa, ama maneno yako ya leo ni ya uongo, na hilo ni kosa. Chagua. Nchi hii ni ya kidemokrasia."

Mshamu aliitazama saini yake. Profesa akamgeukia Mboni, akashusha miwani. Miaka sita alikuwa akipita mlango wa maabara kila Jumanne na kusikia mia nne wakiitikia. Wote wawili walilijua hilo.

"Dokta. Ulimfundisha?"

Neno lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa tayari kooni: nilimfundisha. Mboni alilisikia likigonga. Aliona pia yaliyokuwa nyuma yake: kazi inaondoka, hati inachanwa, wenye misiba wanasimama mmoja mmoja kumtazama, na mbele yao Bi Mwanjaa na mwiko wake. Akikana, hakuna lililowahi kutokea. Hakuna darasa, hakuna Zoezi la Saba, hakuna wino mwekundu pembeni mwa karatasi. Serikali yenyewe ilikuwa imemwandikia kuwa hana hatia, na ikagonga mihuri mitatu.

"Hati inajieleza," alisema. Sauti ilitoka safi, bila mkwaruzo.

Mshamu alimtazama muda mrefu. Uso wake haukuwa na hasira, na afadhali ungekuwa nayo. Kisha akaikabili meza.

"Nimechagua, Mheshimiwa. Sikufundishwa na mtu."

Tume ilifurahi mno. Ripoti yake, ya kurasa mia saba, ilithibitisha kuwa chuo hakina kosa kwa kuwa mtuhumiwa hakufundishwa, Mamlaka ya Maji haina kosa kwa kuwa iliamini amefundishwa, na Wizara haina kosa kwa kuwa ni Wizara. Ilipendekeza Mshamu Lihawa avuliwe shahada na arudishwe mwaka wa kwanza.

Mboni alimsubiri kwenye ukumbi wa nje. Alikuwa ameandaa maneno, mengi. Mshamu alipita katikati ya askari wawili, akasimama.

"Nimesikia kuhusu mama mwenye nyumba wako," alisema. "Pole na msiba."

Akaenda zake.

*

Muhula ulianza kwa hotuba. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa mia tano na arobaini. Kwenye ratiba, safari hii, liliandikwa jina la Dokta Mboni Shemhina, kwa herufi kubwa, na alikuwa na haki ya kiti chenye egemeo. Kabatini mwa maabara mlikuwa na vyeti vya usafi. Profesa Tindwa alikuwa amempatia mfuta ubao msaidizi, binti mwembamba wa mwaka wa pili wa uzamivu, aliyekwisha kushika dasta na kusimama pembeni akisubiri kuelekezwa.

Mboni aliingia, ukumbi ukasimama.

"Shikamoo mwalimu!"

Alimwona Mshamu kabla sauti hazijatulia. Alikuwa mstari wa mbele kabisa, mtu mzima mwenye ndevu kati ya vijana wa miaka kumi na tisa, na daftari jipya mbele yake. Mboni akashika ukingo wa meza. Aliwaambia wakae. Aliwaambia wafungue ukurasa wa kwanza. Kisha akaugeukia ubao, akaufuta kwa kiganja ingawa ulikuwa safi, hadi wa nyuma wakaanza kuguna.

Mshamu akanyoosha mkono.

"Ndiyo," alisema Mboni.

Mshamu akasimama kwa adabu, kalamu mkononi. Macho yake yalikuwa matulivu, ya mtu anayemwona mwenzake kwa mara ya kwanza.

"Samahani, mwalimu. Ni mgeni hapa. Jina lako ni nani, niliandike?"

Wanafunzi wengine nao wakashika kalamu. Mboni akalitaja. Mshamu aliliandika juu ya ukurasa, akalipigia mstari kwa rula, kisha akaketi kusubiri afundishwe.